Pale Phobos Ilipokuwa Mbio

Hotuba kwa walimu wa lugha na wanafunzi wa fasihi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, poleni na kazi. Wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya fasihi ya Wagiriki wa kale, na fasihi hiyo ni bahari. Mimi leo nachota kata moja tu: maneno yao ya hisia, yaani hofu, hasira, haya na mapenzi, na jinsi yalivyohama kutoka maana moja kwenda nyingine.

Tuanzie vitani. Ni kitabu cha 8 cha Iliad, utenzi wa Homer ambao wataalamu wengi huuweka katika karne ya 8 KK. Wagiriki wanapigana chini ya kuta za Troy, na Zeus, mkuu wa miungu, ameamua kwamba siku hiyo washindwe. Mzee Nestor amekwama, farasi wake amechomwa mshale utosini. Kijana Diomedes anampandisha kwenye gari lake la vita, anamwachia hatamu, na wawili hao wanamwendea Hector, shujaa wa Troy, uso kwa uso. Ndipo Zeus anaporusha radi. Inatua chini, mbele kabisa ya farasi, mwali unaruka na harufu ya kiberiti, farasi wanajikunyata, hatamu zinamponyoka mzee. Homer anasema Nestor aliogopa moyoni, akamwambia mwenzake: "Mwana wa Tydeus, haya, wageuze farasi kwenye phobos."

Nilipokuwa mwanafunzi nilifungua kamusi, nikakuta phobos ni hofu, nikaandika: "wageuze farasi kwenye hofu." Mwalimu wangu alikuwa mzee mpole, akisahihisha kwa penseli. Hakuniwekea alama ya kosa. Aliniuliza tu, "Na hao farasi wanaelekea wapi?"

Wanaelekea nyuma, kwenye merikebu. Kwa Homer phobos ni mbio. Ni mbio za jeshi lililovunjika, migongo ya watu ikionekana na ngao zikitupwa. Hofu ya moyoni ina neno lake, deos, na kitenzi chake ndicho Homer alichokitumia mstari mmoja tu kabla: Nestor aliogopa, kisha akataka phobos. Maneno mawili, mambo mawili, yamekaa jirani kabisa, nami nikayafanya kuwa jambo moja.

Mistari kumi mbele Diomedes anajibu. Anakubali kwamba mzee amesema kweli, ila kuna kitu kinamchoma: siku moja Hector atasimama mbele ya Watroya ajigambe kwamba mwana wa Tydeus alirudi merikebuni akiwa phobeumenos mbele yake. Ukitafsiri "akiwa na hofu" umemwonea kijana, maana hofu hakuwa nayo hata chembe. Anachokiogopa Diomedes ni kusimuliwa kwamba alitimuliwa. Tangu siku ile ya penseli sijaweza kulisoma neno la hisia la Kigiriki bila kuuliza kwanza lina umri gani.

Wa kwanza kuliona jambo hili si mimi wala mwalimu wangu. Ni Aristarchus, mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri katika karne ya 2 KK. Huyu alikuwa Mgiriki anayesoma Kigiriki, lakini kati yake na Homer palikuwa na zaidi ya miaka 500, na alielewa kwamba lugha ya mama yake si lazima iwe lugha ya Homer. Aliweka alama ndogo pembeni mwa mistari, na maelezo yake yametufikia kwa vipande, yamenakiliwa kwenye kingo za kitabu cha mkono cha karne ya 10 ambacho leo kipo Venice. Humo mna angalizo lenyewe: kwa Homer, phobos ni kukimbia. Nampenda Aristarchus kwa unyenyekevu huo. Mtu mwenye lugha yake kukiri kwamba neno analolitumia kila siku halijui vizuri, hilo ni jambo kubwa.

Sasa mbio ziligeukaje kuwa hofu? Twende mwaka 458 KK, Athens, kwenye tamthilia za Aeschylus. Orestes amemuua mama yake kulipiza damu ya baba yake. Amesimama na maiti miguuni, na akili zinaanza kumtoka. Anasema: karibu na moyo wangu phobos iko tayari kuimba. Oneni neno lilipofika. Hakuna jeshi hapa, hakuna anayekimbia. Mtu amesimama palepale, na mbio zimeingia ndani yake zikakaa ubavuni mwa moyo. Sisi husema moyo ulinienda mbio, na ukiitafakari kauli hiyo utaona kwamba Kigiriki kilipita njia ileile. Miguu ikisimama, moyo unaendelea na safari.

Kutoka moyoni neno likapanda kichwani. Katika mazungumzo ya mwanafalsafa Plato yanayoitwa Protagoras, mwalimu wake Socrates anauliza kama wenzake wanakubali kwamba phobos au deos ni kutazamia baya lijalo. Wawili wanakubali. Prodicus wa Ceos, aliyejulikana kwa kuchambua maneno yanayofanana, anasema hiyo ni deos, si phobos. Socrates anajibu kwamba kwake hakuna tofauti. Sentensi ile inanisikitisha kidogo kila ninapoisoma, kwa sababu wakati huo tofauti iliyokuwa wazi kama mchana kwa Homer imebaki kuwa ubishi wa mtaalamu mmoja. Kisha Aristotle, mwanafunzi wa Plato, katika kitabu chake cha ufasaha wa kusema, anafunga hesabu: phobos ni maumivu au msukosuko unaotokana na kuliwazia baya lijalo lenye kuangamiza au kuumiza. Neno limetoka miguuni, likapita moyoni, likaishia kwenye mawazo.

Nisiwadanganye kwamba maneno yote yalifuata njia hiyo. Hasira ilikwenda kivyake, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye utamu.

Neno la kwanza kabisa la Iliad, kabla ya jina la mtu yeyote, ni menis. "Menis, imba, mungu wa kike, ya Achilles mwana wa Peleus." Achilles ndiye shujaa mkuu wa Wagiriki. Wengi huandika hasira na kupita. Lakini menis haikuwa ya kila mtu. Homer huitumia zaidi kwa miungu: Apollo akiwa na menis, tauni inaingia kambini, nyumbu na mbwa wanaanza kufa, kisha watu, na moto wa kuchomea maiti hauzimiki. Miongoni mwa binadamu, Achilles ndiye anayepewa neno hilo kuliko wengine. Kwa hiyo msikilizaji wa kale alipolisikia mwanzoni tu alijua kwamba huyu mtu amekasirika kwa kiwango cha mungu na kwamba watu watakufa. Sisi tunalo neno ghadhabu, ambalo masikio yetu yamezoea kulisikia likifuatwa na jina la Mungu. Mimi ningeweka ghadhabu, na hasira ningeiacha kwa wengine.

Hao wengine wana cholos. Cholos ni ndugu wa chole, nyongo. Na hapa Mswahili anafika nyumbani bila kuulizia njia. Sikilizeni anachokisema mwaguzi Calchas katika kitabu kilekile cha kwanza. Anaombwa ataje sababu ya tauni, naye anajua kwamba sababu ni mfalme Agamemnon, hivyo anaomba kwanza ahakikishiwe usalama wake. Anasema: mfalme akimkasirikia mtu wa chini, hata kama cholos ataisaga tumboni siku hiyohiyo, kotos anabaki nayo kifuani mpaka aitimize.

Kitenzi alichokitumia ni kile cha chakula kusagika tumboni. Cholos ni nyongo inayopanda, ikisagwa inashuka. Kotos ni ile inayobaki. Nimetazama tafsiri kadhaa za lugha za Ulaya, na nyingi huhangaika na mstari huu, zinatafuta maneno mawili ya hasira na kuyaongezea vivumishi. Sisi tunasema hasira zimeisha lakini kinyongo kipo. Kinyongo! Nyongo ndogo iliyobaki ndani. Neno letu limebeba kiungo kilekile cha mwili ambacho Mgiriki alikitaja, na hakuna aliyeiga kwa mwenzake. Ni watu wawili waliochunguza mwili uleule.

Basi Achilles mwenyewe, baada ya rafiki yake Patroclus kuuawa, anailaani cholos. Katika kitabu cha 18 anamwambia mama yake: laiti ugomvi ungetoweka kwa miungu na kwa watu, na cholos inayomfanya hata mwenye busara akasirike, ambayo ni tamu kuliko asali inayochuruzika, na hukua vifuani mwa watu kama moshi. Asali na moshi kwa pamoja. Mwenye kukasirika anajua utamu huo, jinsi unavyolamba na kulamba maneno ya kumjibu adui yako usiku kucha, huku nyumba nzima inajaa moshi.

Karibu miaka 400 baadaye Aristotle ananukuu mistari hiyohiyo ya asali. Na angalieni vizuri anavyofanya. Yuko kwenye sura ya kueleza orge. Ananukuu mistari ambayo kwa Homer inahusu cholos. Na anasema imesemwa vyema juu ya thymos. Kauli moja imepita mikononi mwa maneno matatu, na haionekani kama inamsumbua, kwa sababu kwake yeye yote matatu yamekwisha kukaribiana kuwa hasira.

Lakini orge haikuzaliwa hasira. Kwa Homer haimo kabisa. Tunaikuta kwa mshairi Hesiod, karibu mwaka 700 KK, akimsema mvivu kwamba kwa orge yake anafanana na nyuki dume wasio na mwiba, wanaokula jasho la nyuki wengine. Nyuki yule hana hasira yoyote, amekaa anakula. Orge hapo ni hulka. Na Theognis wa Megara, karne ya 6 KK, anatoa shauri ambalo kila mtu wa pwani atalielewa mara moja: kuwa na orge ya pweza, ambaye hufanana na mwamba alioushika. Mtu aliyekwenda kuchokoa pweza maji yakitoka anajua kinachosemwa. Unatazama jiwe, unatazama tena, na jiwe linakutazama. Ile rangi inayobadilika kulingana na mwamba ndiyo orge, tabia ya mtu anayejua aliko na anakaa na nani. Ukiandika "kuwa na hasira ya pweza" umempoteza msomaji kabisa.

Hata katika Antigone, tamthilia ya Sophocles, kwenye wimbo maarufu unaosifu maajabu ya binadamu, kundi la waimbaji linasema mtu amejifundisha usemi, na fikra iendayo kama upepo, na orge za kuishi mijini. Ni hulka ya uraia, adabu ya kukaa na majirani. Na katika karne hiyohiyo ya 5 KK, neno hilohilo linatumika mitaani Athens kwa maana ya hasira. Nadhani njia ilikuwa fupi. Hata sisi tukisema fulani ana tabia, kwa sauti fulani, haina haja ya kuongeza kwamba ni mbaya. Neno la hulka nzima likaegemea upande mmoja wa hulka, likakaa huko.

Alipofika Aristotle, orge ilikuwa kitu cha kisheria karibu. Anasema ni hamu, pamoja na maumivu, ya kulipiza kisasi kinachoonekana, kwa sababu ya dharau inayoonekana, aliyofanyiwa mtu au watu wake na wasio na haki ya kuwadharau. Hesabuni vilivyomo: dharau, macho ya watu, cheo, kisasi. Nyongo haimo. Jiwe likikuangukia unaumia, lakini kwa hesabu hii hukukasirika, kwa sababu jiwe halikudharau. Na anaongeza jambo linalouma: kwa yule aliye mbali mno juu yetu kwa nguvu hatupati orge, au tunaipata kidogo, kwa kuwa kisasi hakiwezekani. Hasira imekuwa mali ya raia huru anayeweza kudai heshima yake. Demosthenes, msemaji maarufu wa Athens, alipopigwa ngumi na adui yake Meidias mbele ya watu kwenye tamasha la Dionysus mwaka 348 KK, hotuba aliyoiandika baadaye iliwataka waamuzi wakasirike pamoja naye. Hasira ya Achilles ilileta maiti. Hii inatakiwa ilete kura.

Na thymos? Hilo ndilo lililonyang'anywa zaidi. Kwa Homer thymos ilikuwa sehemu nzima ya ndani ambamo mtu hufurahi, huogopa, hutamani kula na hukata shauri, nayo humtoka mtu anapokufa. Nestor aliogopa ndani ya thymos yake. Plato katika kitabu chake cha Jamhuri akaifanya sehemu moja kati ya tatu za nafsi, ile yenye kuwaka na kupenda ushindi. Leo Mgiriki wa Athens akisema thymos anamaanisha hasira tu. Nyumba nzima ilipotea, kikabaki chumba kimoja.

Nihamie kwenye haya, ambako nakiri moyo wangu ndiko uliko.

Neno ni aidos. Andromache amekutana na mumewe Hector langoni mwa Troy, mtoto yuko mikononi mwa mlezi. Anamsihi asirudi uwanjani, akae mnarani, alipange jeshi karibu na mtini, aulinde mji kutoka hapo. Hector anamjibu kwa kitenzi cha aidos, na kitenzi hicho kwa Kigiriki kinamchukua mtu moja kwa moja, kama sisi tunavyosema kumwonea mtu haya: "Nawaonea haya mno Watroya na wanawake wa Troy wenye nguo za kuburura." Hasemi ana aibu. Hajafanya kosa lolote. Anasema macho ya watu wake yamo ndani yake na hayamruhusu.

Aidos, kwa hiyo, ilikuwa haya na heshima kwa pamoja, bila mpaka. Wanafunzi wa Ulaya hufundishwa jambo hili kama fumbo: vipi neno moja liwe fedheha na staha? Kwetu si fumbo. Neno heshima lilitoka kwenye Kiarabu, na huko hishma ni haya, ni kujisitiri. Stahi nalo lilitoka kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kuona haya. Sisi tulipokea maneno mawili ya haya tukayafanya maneno ya heshima, na neno haya lenyewe tukalichukua pia. Bibi akimwambia mjukuu wake "huyu hana haya" anamaanisha kwamba haheshimu mtu. Apollo, katika kitabu cha 24, anawaambia miungu wenzake neno hilohilo juu ya Achilles anayeuburuta mwili wa Hector kila alfajiri: ameua huruma, na haya hana.

Aibu ni jambo jingine, na Wagiriki walikuwa nalo pia. Aischros kwao ni mbaya wa sura. Thersites, askari mwenye miguu ya kupinda na kichwa chenye nywele za kuhesabu, anaitwa na Homer aischistos, mwenye sura mbaya kuliko wote waliokuja Troy. Kutoka shina hilo likatoka aischyne, aibu: ubaya unaoonekana na wengine. Na aibu yetu ilitoka wapi? Kwenye Kiarabu ayb ni kasoro, dosari. Kasoro ya kitu ikawa hisia ya mtu. Kadiri miaka ilivyokwenda, katika nathari ya Athens aischyne ikaanza kuchukua kazi za aidos, na aidos ikabaki neno la washairi na la adabu za vijana. Aristotle anasema waziwazi kwamba aidos si fadhila bali ni hisia, na inawafaa vijana. Mtu mzima asifanye jambo la kumtia haya hata kidogo. Hector, baba wa mtoto na nguzo ya mji, angeshangaa kuambiwa kwamba haya ni mambo ya ujana.

Katikati ya Hector na Aristotle kuna watu walioligeuzageuza neno hili mikononi. Hesiod anasema haya haimfai mhitaji, na kwamba haya huwadhuru watu sana na huwafaa sana. Mtu mwenye njaa aliyeona haya kuomba anaielewa sentensi hiyo. Halafu mwaka 428 KK, katika Hippolytus, tamthilia ya Euripides, Phaedra anasimama mbele ya wanawake wa Troezen. Amempenda mwana wa mumewe, amenyamaza mpaka mwili umemwisha. Anasema tunajua lililo jema lakini hatulitekelezi, na katika vinavyotuzuia anataja aidos. Kisha anaongeza, kama wengi wanavyousoma mstari huo, kwamba ziko mbili: moja si mbaya, nyingine ni mzigo wa nyumba, na kama wakati wa kila moja ungejulikana wazi, zisingekuwa mbili zenye herufi zilezile.

Zenye herufi zilezile. Mwanamke anayekufa kwa mapenzi, na anachokilalamikia ni tahajia! Haya iliyomfanya anyamaze ilimlinda. Haya hiyohiyo ndiyo itakayomuua. Anajua kwamba neno limebeba vitu viwili na lugha haikumsaidia kuvitenga.

Wagiriki, basi, walijua kwamba maneno yao yanahama. Na kuhama si lazima kuchukue karne nyingi. Mwanahistoria Thucydides, akisimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza kisiwani Corcyra mwaka 427 KK, anaeleza jinsi watu walivyobadilisha thamani ya kawaida ya maneno ili yafuate matendo yao: ujasiri wa kijinga ukaitwa ushujaa wa kupenda wenzako, kusita kwa busara kukaitwa woga uliopambwa. Hayo yalikuwa mambo ya msimu mmoja wa mauaji. Kuna vifo vinavyoanzia kwenye kamusi.

Mengine niyapite haraka. Zelos kwa Aristotle ni hisia njema: uchungu wa kuona mwenzako anacho chema ambacho nawe ungeweza kukipata, na uchungu wenyewe hautokani na yeye kuwa nacho bali na wewe kukikosa. Vijana wetu huiita wivu wa maendeleo, na sijaona tafsiri bora. Phthonos ndiyo husuda yenyewe. Lakini zelos ilipovuka kwenda Kilatini na kutoka huko kwenda Kifaransa, ilizaa neno la wivu wa mapenzi, wema wake ukabaki njiani.

Wapo pia wahubiri wanaotufundisha kwamba agape ni upendo wa Mungu na eros ni tamaa ya mwili. Wanalosema juu ya upendo ni jema, nami hulisikiliza kwa moyo wote. Ila maneno yenyewe hayakuzaliwa na mpaka huo. Wayahudi wa Alexandria walipoyageuza maandiko yao kuwa Kigiriki, Samweli wa Pili sura ya 13, pale Amnoni alipomnajisi dada yake Tamari kisha akamchukia, neno walilolitumia kwa mapenzi yale ya kuangamiza ni agape. Utakatifu wa neno hilo ulikuja baadaye, kwa kazi ya watu walioliandika na kuliishi.

Na eros, kabla mshairi Sappho wa Lesbos hajaiita tamu-chungu na yenye kulegeza viungo, kwa Homer iliweza pia kuwa njaa, tena njaa ya heshima. Karamu ikiisha anasema, "walipokwisha kuiondoa eros ya kinywaji na chakula." Mwaka 415 KK neno hilohilo, kwa Thucydides, linawaangukia raia wote wa Athens kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo: eros ya kusafiri kwenda Sicily, vita iliyowamaliza. Kutoka sahani ya nyama hadi meli za vita, bila kubadilisha herufi.

Mahali ninapoipenda zaidi eros ni mwisho wa Iliad. Mzee Priam, mfalme wa Troy, ameamua kwenda usiku kwenye hema la Achilles kuomba maiti ya mwanawe Hector. Mkewe Hecuba anamlilia asiende. Anamjibu: na aniue papohapo, nikishampakata mwanangu na kuiondoa eros ya kilio. Kiu ya kilio. Mzee anataka kulia mpaka atosheke, kama mtu anavyotaka maji.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijaribu kuiweka sehemu hiyo katika Kiswahili, kidogo kidogo, jioni kwa jioni. Priam anaingia bila kuonekana, anapiga magoti, anaibusu mikono iliyoua wanawe. Anamkumbusha Achilles baba yake mzee aliye mbali. Halafu anatumia kitenzi kilekile alichokitumia Hector langoni. Mwanzoni niliandika, "Waheshimu miungu, Achilles." Nikafuta, ilikuwa baridi, kama tangazo. Nikajaribu "waogope", na hiyo nayo nikaifuta, kwa sababu Priam hamtishi mtu. Sasa hivi karatasi yangu inasema hivi:

"Waonee haya miungu, Achilles, nami unihurumie, ukimkumbuka baba yako. Mimi nastahili huruma kuliko yeye, maana nimevumilia lisilowahi kuvumiliwa na mtu yeyote duniani: kuupeleka mdomoni mwangu mkono wa aliyeniulia mwanangu."

Achilles akamshika mzee mkono, akamsukuma taratibu.

Asanteni kwa kunisikiliza.